Pampu ya Kahawia

Sifa wangu,

Umelala umenuna. Nimekusikia ukifunga zipu ya begi, ukaifungua, ukaifunga tena kwa nguvu, nikajua unataka niite kutoka jikoni nikuulize kuna nini. Sikuita. Kesho asubuhi basi lako linaondoka Park Station, na wewe umeapa mbele ya baba yako kwamba hulipandi mpaka mama yako aende kliniki kupimwa kikohozi chake. Baba yako akavaa koti lake la ulinzi, akachukua tochi, akaenda zake kazini kabla ya saa. Anatujua. Kichwa kigumu umekitoa kwangu, na mtu mwenye akili hakai katikati ya vichwa viwili vya namna hiyo.

Basi nakuandikia. Kwa Kiswahili, ndiyo, usinikunjie uso. Najua utasoma polepole na kwingine utakwama, wewe ambaye nikikugombeza unanijibu "Haibo, Mama!" na Kizulu kinaendelea hapo. Kiingereza changu ni cha kumuuliza mteja anataka kusuka au kuweka dawa, hakitoshi kwa jambo hili. Soma kwa sauti. Ukijisikia unasoma, utanisikia mimi.

Sitakuandikia habari za kula wala kufua wala wavulana. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Nataka tu ujue kwamba ninaogopa. Juzi nilikuwa namsuka yule dada wa Malawi, akajitazama kwenye kioo akaniambia, "Mama Sifa, leo mistari imepinda, una nini?" Nikamwambia ni macho. Macho yangu hayana neno, ni mawazo yalikuwa kwenye basi lako.

Hebu fikiria na wewe. Nchi nzima hii, na pwani zake zote zenye hewa nzuri, mradi wa pumu uliokuajiri unakupeleka Mpumalanga, kwenye makaa ya mawe. Uliponionyesha picha kwenye simu ulisema, "Angalia Mama, shule ndiyo hii, watoto ni wazuri." Mimi sikuona watoto. Niliona ile minara ya mitambo ya umeme nyuma yao na moshi unaotoka juu. Nikakuuliza, hawana mtu mwenye mapafu mazima wa kumpeleka huko? Ukacheka. Ukasema ndiyo maana wanakutaka wewe, kwa sababu unajua kubanwa kifua kukoje. Ukanieleza kwamba wale watoto weusi wanaokaa chini ya minara wanazidiwa na kufa kwa ugonjwa ambao watoto wa upande wa pili wa mji wanaenda nao kwenye mpira na kurudi. Nilikusikia vizuri. Nilijifanya natafuta kitana kwa sababu sikutaka uone uso wangu.

Wewe huwezi kukikumbuka chumba chetu cha kwanza, kile cha nyuma ya nyumba ya watu, mtaa wa La Rochelle. Ukuta mmoja ulikuwa umeota ukungu mweusi, nausugua Jumamosi, Jumatano umerudi. Mwezi wa nane upepo ukianza, vumbi la njano linakuja kutoka kwenye vile vilima vya taka za migodi ya dhahabu, linakaa dirishani, linakaa mezani, linakaa kwenye shuka. Nilikuwa nakushika kidole tunaandika jina lako juu ya meza, S, I, F, A, na wewe unacheka unakohoa, unakohoa unacheka. Nilikuwa nakufundisha herufi kwenye vumbi lililokuwa linakubana kifua, na nilijiona mama hodari. Mchana nakubeba saluni, unalala kwenye kigodoro chini ya meza ya kioo, na juu yako tunapuliza spreyi, tunakoroga dawa za nywele, tunachoma ncha za nywele za bandia kwa kiberiti. Nani angeniambia? Kila mama niliyemjua alilea hivyo.

Siku ambazo saluni haikuwa na watu nilifanya usafi kwenye nyumba moja kule kilimani, mtaa wa Observatory. Nyumba ya Wazungu, ina miti mikubwa, ukifungua dirisha unasikia ndege. Walikuwa na mtoto, Luka, rika lako. Alikuwa na pumu kama wewe. Karatasi ya daktari wake ilibandikwa kwenye friji, ina rangi ya kijani, ya njano na nyekundu, kwamba akiwa hivi afanyiwe hivi. Na bafuni, kwenye kikombe, kando ya mswaki wake, ilikaa pampu ya kahawia, ya kuvuta dawa kwa mdomo. Kila asubuhi Luka aliivuta, akasukutua, akapiga mswaki, akaenda shule akirukaruka. Mimi niliipangusa ile pampu mara ngapi sijui. Nikasema moyoni, hawa watu wana dawa ya kuchezea. Mtoto hakohoi, dawa ni ya nini?

Na nyumbani kwetu, Sifa, tulikuwa nayo. Ileile. Kliniki walitupa bure, ya bluu na ya kahawia, kwenye mfuko mmoja wa karatasi. Foleni siku hiyo ilikuwa imefika barabarani. Nesi alinieleza kwa Kizulu, nikatabasamu. Akanieleza kwa Kiingereza, mbiombio, nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa hata nusu. Lakini karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imepita muda wake, nikaogopa kwamba nikisema sijaelewa ataniuliza natoka wapi. Nikachukua mfuko wangu nikashukuru, nikaondoka.

Ya bluu niliipenda mara moja. Ukibanwa nakupulizia, kifua kinafunguka, unaomba chapati. Ile ya kahawia niliijaribu mwenyewe, nikavuta, aka! Hamna kitu. Nikaona labda ni kali sana, ni ya siku mbaya. Nikaitia kwenye soksi nikaiweka juu ya kabati, iwe akiba. Kila mwezi wanatupa nyingine, kila mwezi inaingia kwenye soksi. Nilijiona mwanamke anayejua kutunza vitu.

Na zilipokuwa nyingi nikafanya kile ambacho sisi wote tunafanya. Nani kati yetu hapa Joburg hajatuma dawa nyumbani? Mama mdogo wako Espérance alikuwa ananipigia simu analia, Bahati wake anabanwa na kifua na Bukavu pampu ni ghali. Nikazikunja kwenye kitenge, nikampa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi. Zile za bluu sikutuma, nilizihitaji kwako. Nilituma za kahawia. Sikuweka maelezo kwa sababu sikuwa nayo. Nilimwambia tu kwenye simu, "Hii ni dawa ya Afrika Kusini, ya nguvu, itunze kwa siku ya shida."

Akaitunza. Siku ya shida ikaja, akamwekea Bahati pampu mdomoni, akapuliza, akangoja, akapuliza tena. Mama wa watu akawa anangoja kifua kifunguke, na ile dawa haikutengenezwa kufungua kifua saa ileile. Walimzika Bahati siku ya pili yake. Mimi nilipigiwa simu nikiwa saluni, nikakaa chini kwenye nywele zilizokatwa, nikalia, wateja wakanipa pole. Tukasema ni mipango ya Mungu. Nikasema labda dawa ilimkuta amechelewa. Halafu nikarudi nyumbani, nikapita mbele ya kabati lile lenye soksi, na bado sikuwaza kitu.

Ile Jumapili unaikumbuka kidogo, wewe mwenyewe umeniambia unakumbuka dari ya kanisa. Ulikuwa darasa la nne. Tulikuwa tunasali Troyeville, juu ghorofani, kwaya ya watoto imevaa meupe, na katikati ya wimbo wa pili ukashika shingo. Mimi nilikuwa nyuma. Pampu ya bluu ilikuwa kwenye mkoba wangu, imefichwa ndani ya soksi nyingine, maana sikutaka watu waione. Watasema mtoto wa Mama Sifa ni mgonjwa, nani atamwoa. Mtoto wa darasa la nne! Nilikuwa nawaza harusi. Nilipofika mbele watu walikuwa wamekuzunguka, wanapepea kwa vitabu vya nyimbo, mchungaji ameshika mafuta, na katikati yao wewe unatafuta hewa na hewa wameimaliza wao. Nikatoa pampu mbele ya kanisa zima. Ikatoa upepo mtupu. Ilikuwa imekwisha, maana tuliitumia kila siku, na mimi sikujua kwamba pampu ya bluu ikiisha upesi ni kelele ya kuomba msaada.

Ambulansi tuliipigia, wakatuuliza maswali, hatukuiona. Baba yako akakubeba mgongoni akashuka ngazi, shemasi akatutia kwenye gari lake, na kila robot ya barabarani tuliyofika ilikuwa na taa nyekundu, shemasi akawa anapita tu huku anapiga honi. Midomo yako ilikuwa na rangi ambayo sijaisahau. Nilikuwa nakupiga mashavu nakuita majina yako yote, hata lile la bibi yako ambalo hulipendi. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sina.

Walikuokoa. Na baadaye, ukiwa umelala na ile barakoa ya mvuke usoni, nesi mmoja akaniuliza, "Na ya kahawia anaitumia?" Nikamjibu kwa fahari kabisa, tunaiweka akiba. Akanitazama. Akavuta kiti, akakaa. Sifa, alikuwa mtu wa kwanza kwenye hospitali za nchi hii kukaa chini akiongea na mimi. Akanieleza kwa Kiingereza cha polepole na mikono. Ya bluu inazima moto. Ya kahawia inazuia moto usiwake, ndiyo maana husikii kitu ukiivuta, na ndiyo maana ni ya kila siku, mtoto awe mzima au mgonjwa. Akasema siku ya kubanwa, usitegemee ya kahawia hata kidogo.

Hapo ndipo nikamwona Bahati. Nilimwona kabisa, na mama yake amemshika kichwa. Na nikauona mswaki wa Luka kwenye kikombe.

Hayo yote unayajua, nilikusimulia mwaka ule uliotaka kusomea uhasibu, na ningejua kwamba utaamka kesho yake ubadilishe masomo ningefunga mdomo wangu. Nayarudia kwa sababu usiku huu nayaona upya. Watoto watatu, dawa ileile. Mmoja aliwekewa kando ya mswaki, mmoja aliwekewa kwenye soksi, mmoja alitumiwa kwenye kitenge. Luka sikumchukia, alikuwa mtoto mzuri, alikuwa ananifichia biskuti. Lakini yeye daktari alimpigia mama yake simu kuuliza mtoto anaendeleaje, na mimi nilisikia, nilikuwa napiga pasi hapohapo. Mji mmoja, Sifa. Kutoka kwao hadi kwetu ni safari ya kusinzia kidogo tu. Na kilichomkosesha mwanangu pumzi na kumuua wa mdogo wangu ni maneno machache ambayo hakuna aliyeona haja ya kuhakikisha yamenifikia, na mimi nikaona aibu kuyaomba.

Unamkumbuka Sis' Nomvula alivyokuja kanisani, amebeba mfuko wa chupa tupu za soda? Tulidhani anauza. Mradi wa pumu, ambako alikuwa mwalimu, ndio ulikuwa umeanza kuzunguka mitaa yetu. Akatoboa chupa kitako kwa waya wa moto, akachomeka pampu, akatuonyesha jinsi mtoto anavyoweza kuvuta dawa ikafika ndani badala ya kuishia kwenye ulimi. Kanisa lote likaitikia "yebo, yebo". Nikatazama zile nyuso, nikaiona sura yangu mwenyewe mbele ya yule nesi wa foleni. Nikasimama, nikasema, "Sista, hawajaelewa. Wanaitikia kwa adabu." Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. Akanipa chupa. "Haya, waambie wewe."

Nikawaambia. Papa Mulamba akainua mkono akauliza, mtu akianza pampu si kifua kinazoea? Nikamwambia, "Papa, hiyo miwani unavaa kila siku, macho yamezoea? Ivue basi tuone utasomaje Zaburi." Kanisa likaangua kicheko. Halafu ukapanda wewe juu ya benchi, na vile visoksi vyako vya Jumapili, ukaweka chupa mdomoni ukawaonyesha watu wazima jinsi ya kuvuta na kuhesabu. Sis' Nomvula akaniambia sikioni, "Huyu mtoto ni wa kwangu." Nikafurahi siku hiyo. Sikujua alikuwa anasema kweli, kwamba kweli watanichukulia.

Basi huko uendako utakutana na akina mimi. Watakuitikia yebo. Usiwaamini. Vuta kiti ukae, hata kama foleni imefika barabarani na mkubwa wako anatazama saa. Na mama akikwambia ya kahawia ameiweka akiba, usicheke na usimkaripie, muulize anamtunzia nani. Kuna Bahati mahali fulani. Na usije ukawadanganya hao wazazi kwamba chupa ya soda inatosha, kwa sababu ile minara haikujengwa na wao. Wafundishe pampu, halafu uende kwenye hiyo mikutano yenu mukapige kelele juu ya moshi. Najua utaenda. Ninaogopa na hilo pia, watu wanaopigia kelele minara hawapendwi.

Sasa tuje kwenye kikohozi.

Ulikuwa na haki. Tangu baridi ya mwaka jana, nikilala nasikia mluzi ndani yangu, kama birika linalokaribia kuchemka. Wewe uliweka sikio mgongoni kwangu ukasema, "Mama, hii ni pumu, ni zile dawa za saluni." Nilijua kabla hujasema. Mimi niliyesimama kwenye makanisa mangapi nimeshika chupa! Nilienda kliniki, ile mara moja, na nilikudanganya kwamba foleni ilikuwa ndefu. Ukweli uliupata baadaye kwa majirani. Getini walikuwa wamesimama wale vijana wenye fulana zinazofanana, wanaofukuza wageni, wanauliza vitambulisho. Mmoja akanisalimia, nikajibu, akasikia lafudhi yangu, ikawa imekwisha. "Rudi kwenu ukatibiwe." Wateja wangu wawili walikuwa kwenye foleni, wakatazama chini. Nikakimbia mpaka nyumbani. Baada ya hapo nikipita mtaa ule navuka upande wa pili.

Lakini acha nikwambie yote, maana geti ni nusu tu. Wiki hii ulipoapa kwamba huendi mpaka nipimwe, unajua moyo wangu ulifanya nini? Uliruka kwa furaha. Nikaona nimepata kamba. Nikiendelea kukohoa, mwanangu habebwi na basi, haendi kwenye moshi, halali peke yake kwenye chumba cha kupanga ambako hakuna atakayemsikia akibanwa. Nikawa nakohoa hata pale ambapo ningeweza kuzuia. Jana mezani, kile kikohozi kirefu kilichokufanya uweke kijiko chini, nusu yake ilikuwa ya kweli. Baba yako aliniangalia. Huyo mtu haongei, lakini anaona.

Leo ulipokwenda kuwaaga wa kanisani, nilifungua begi lako kutia soksi za sufu. Usikasirike, nimekuzaa. Nikakuta kile kifuko chako cha kunawia. Ndani umefunga mswaki na pampu ya kahawia pamoja, kwa mpira wa nywele wa saluni yangu, ule mwekundu. Nilikaa kitandani kwako nimeshika kile kitu sijui kwa muda gani. Hukunisubiri nikukumbushe. Umejiwekea mwenyewe kile ambacho mama yako alikiona kwenye bafu la watu akakipangusa vumbi. Na mimi nilikuwa nakuwekea mtego kwa kifua changu.

Nikampigia Sis' Nomvula, nikamwambia anikute saluni. Ameshastaafu, magoti yamemshinda, anatembea na fimbo. Hakuniuliza mengi. Alikuja saluni na viatu vyake vya kanisani, akanishika mkono, tukaenda. Sifa, niliogopa njia nzima. Getini walikuwepo. Mmoja akaanza, "Kitambulisho, mama," na Sis' Nomvula akasema, "Lo ngowami," huyu ni wangu, na hakupunguza mwendo. Kijana akasimama mbele yetu. Akamtazama yule bibi vizuri, na yule bibi akamtazama. Akamuuliza kwa sauti ileile ya darasani, "Wewe. Pampu yako iko wapi?" Na yule kijana, kwa mazoea tu, mkono ukaingia mfukoni ukatoka na pampu ya bluu. "Na ya kahawia?" Akasema, akimwita bibi kwa Kizulu, "Nyumbani, Gogo. Nimevuta asubuhi." Sis' Nomvula alimfundisha huyo akiwa mtoto wa suruali fupi, kwa chupa ya soda. Akasogea pembeni. Hakuniomba radhi, wala hakunitazama.

Ningependa nikuandikie kwamba baada ya hapo geti lilifunguka kwa kila mtu. Nyuma yangu alikuwepo msichana mmoja, nadhani wa Burundi, na mtoto mgongoni, nilimsikia anakohoa yule mtoto. Walimrudisha. Sis' Nomvula aligeuka akapiga kelele, akarudi na fimbo yake, lakini msichana alikuwa ameshakimbia, kama nilivyokimbia mimi. Kesho kutwa Sis' Nomvula atakuwa getini tena, na mimi nitakuwa naye, tumtafute. Naliogopa hilo, lakini nimeshaliandika.

Ndani, nesi alisikiliza kifua changu, akauliza kazi yangu, akaandika. Akaweka pampu mbili mezani akanieleza mbiombio, macho yake yakiwa kwenye foleni. Mimi ambaye nimewaeleza watu maneno hayohayo miaka yote hii nikamwambia, "Sista, samahani, rudia polepole. Sijaelewa." Akanyanyua uso. Akarudia.

Kwa hiyo nimekwenda, na sina tena cha kukushikia. Jioni yote sikukuambia kwa sababu nilijua nikifungua mdomo, litakalotoka ni "baki". Na ungebaki, nakujua. Bado ninaogopa, Sifa. Nitaogopa kila simu itakayochelewa na kila upepo wa mwezi wa nane. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha. Ila woga ni wangu, wewe usiubebe kwenye begi lako, begi lenyewe limeshajaa.

Barua nimeiweka juu ya viatu vyako ili usiikose. Ukimaliza kusoma, ingia bafuni, tazama kwenye kikombe, kando ya mswaki wangu. Halafu njoo uniamshe nikusindikize, tusije tukalikosa hilo basi.

Mama yako